Wapelelezi wawili wa kibandani, na mahindi yaliyokwama Busia

Jioni ya Bugembe ni ya malori. Yaliyovuka Malaba na Busia huja kwa njia ya Iganga, yaliyotoka Mbale huingia kwa barabara ya Tirinyi, na yote hupita hapa kabla ya kufika Jinja na kuvuka Nile. Madereva hushuka kula. Sisi wafanyabiashara wadogo tunaosubiri mzigo au simu ya mteja hutafuta pa kukaa, na wengi wetu huishia kwenye kibanda cha video: mabenchi ya mbao, skrini moja, joto la kutosha kuivisha ndizi.

Kwa msomaji wa Tanzania anayemkumbuka Lufufu, au wa Kenya anayemfuatilia DJ Afro, kazi hiyo hapa Uganda hufanywa na ma-VJ kama VJ Jingo na VJ Junior. Filamu inakwenda, nao wanaifasiri kwa Kiluganda juu ya sauti ya waigizaji, huku wakitia chumvi na ndimu. Filamu zinazojaza benchi ni za uhalifu, hasa zile za askari wawili wasioelewana wanaolazimishwa kufanya kazi pamoja. Zamani nilidhani watu hufuata risasi na magari yanayopinduka. Siku hizi naona kuwa kibanda hunyamaza pale tu askari mmoja anapomwamini mwenzake kwa mara ya kwanza.

Sababu yake ni rahisi. Nusu ya waliokaa humo wana mshirika upande wa pili wa mpaka, na kila mmoja anajua usiku wa kulala na wasiwasi: je, pesa nilizotuma zimefika mkono salama? Je, mzigo utapimwa kwa haki?

Aliyeficha lugha

Chukua Rush Hour, filamu ya mwaka 1998 ambayo haijazeeka hapa Bugembe. Inspekta Lee, anayeigizwa na Jackie Chan, anatoka Hong Kong kwenda Los Angeles kumtafuta binti wa balozi mdogo aliyetekwa nyara. Wapelelezi wa huko hawamtaki. Wanampa Carter, askari mwenye mdomo usiofungwa anayeigizwa na Chris Tucker, kazi ya kumzungusha mjini ili asisogelee uchunguzi. Ushirikiano wao unaanza kwa uongo: Carter ametumwa kumpoteza mgeni, na mgeni naye ana siri yake.

Siri ni lugha. Carter anampokea Lee kwa kelele na ishara za mikono, akiamini hajui Kiingereza hata neno. Lee anatabasamu tu. Baadaye anapofungua mdomo na kuongea vizuri, Carter anakasirika, lakini Lee hana hatia: hakuwahi kusema kwamba hajui. Carter ndiye aliyejiamulia.

Kibanda hucheka sana hapo. Mimi hucheka huku nikiona aibu kidogo, kwa sababu nilifanya vivyo hivyo.

Nilianza kupeleka maharage na mahindi Busia mwaka 2018, mwaka ule ule Rais Yoweri Museveni na Rais Uhuru Kenyatta walipozindua kituo cha pamoja cha mpaka pale Busia. Mteja wangu alikuwa mama mmoja wa upande wa Kenya, mwenye duka la nafaka. Kati yetu alikaa dalali. Mimi nilijifanya sijui Kiswahili.

Wasomaji wa Uganda wataelewa. Kwa wazazi wetu Kiswahili kilikuwa lugha ya kambi za jeshi, na enzi za Idi Amin mtu aliyekusemesha Kiswahili usiku mlangoni hakuja kukuletea zawadi. Katiba ilirekebishwa mwaka 2005 ili kiwe lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri likakubali kiwe lugha rasmi na kifundishwe shuleni. Lakini woga wa nyumbani hauondoki kwa tangazo. Nami niliutumia woga huo kama silaha: wao waongee, mimi nisikilize, nijue wananipunja wapi.

Siku ya tatu au ya nne ya biashara yetu, dalali alimnong'oneza yule mama kuwa ninaweza kupunguzwa zaidi, kwa kuwa nina haraka ya kurudi. Nilikuwa nimesimama pale pale nikifunga turubai. Yule mama alimjibu, "Hapana. Mzigo wake ni msafi, hana mawe ndani. Mpe bei yake kamili, kesho nitamhitaji tena."

Hakujua nimeelewa. Niligeuka nikamwambia kwa Kiswahili, "Asante sana, dada." Alinitazama kwa muda, akaangua kicheko mpaka akakaa juu ya gunia. Kuanzia siku hiyo dalali hakuwa na kazi kati yetu.

Meza ya chakula

Lethal Weapon ya mwaka 1987 inaonyesha hatua inayofuata. Murtaugh, anayeigizwa na Danny Glover, ni askari mtu mzima mwenye mke na watoto. Riggs, anayeigizwa na Mel Gibson, amefiwa na mke na hajali tena kama ataishi au atakufa. Anatunza risasi moja aliyojiwekea mwenyewe. Murtaugh anaogopa kukaa gari moja na mtu wa namna hiyo, na ana haki ya kuogopa.

Mambo yanabadilika Murtaugh anapompeleka nyumbani kula. Mapishi ya mke si ya kusifiwa na watoto wanamkodolea macho mgeni, lakini Riggs anaondoka akiwa mtu aliyewahi kukaa kwenye meza ile. Mwishoni, siku ya Krismasi, anarudi na zawadi kwa Murtaugh: ile risasi. Haihitaji tena. Murtaugh hamwachi aondoke. Anamwingiza ndani wale wote.

Wafanyabiashara wa mpakani tunalijua hilo bila kufundishwa. Mtu uliyemjua kwa simu tu ni namba. Ukishakula ugali kwake, ukaona watoto wake wakifanya kazi za shule juu ya magunia, anakuwa mtu, na mtu ni vigumu kumdhulumu. Tusidanganyane lakini: matapeli nao wanajua kualika watu. Meza ya chakula hufungua mlango tu, na bado unatakiwa kuona kilichomo ndani.

Hatua mbili mbele, moja nyuma

Filamu inayosema ukweli mkubwa kuliko zote juu ya jambo hili ni ya zamani zaidi, In the Heat of the Night ya mwaka 1967, ambayo ilipata Oscar ya filamu bora. Virgil Tibbs, mpelelezi mweusi wa Philadelphia anayeigizwa na Sidney Poitier, anakamatwa kituo cha treni katika mji mdogo wa Mississippi kwa sababu mbili: ni mweusi na ana pesa mfukoni. Kumetokea mauaji. Mkuu wa polisi wa mji, Gillespie, anayeigizwa na Rod Steiger, anamdhania muuaji. Anapogundua kuwa ni askari mwenzake, tena bingwa wa kesi za mauaji, inambidi ameze kiburi na kuomba msaada.

Usiku mmoja wanaketi nyumbani kwa Gillespie wakinywa. Mzungu yule anakiri kwamba nyumba yake haina mgeni, kwamba ni mpweke. Unadhani sasa wameelewana. Tibbs anamjibu kwa upole, na mara Gillespie anageuka mkali: hataki kuonewa huruma na mtu mweusi. Mlango uliofunguka unafungwa tena.

Imani hukua hivyo hivyo. Haipandi kama bei ya mafuta, moja kwa moja. Hupanda, ikashuka, ikajaribiwa upya. Filamu inapokwisha, Gillespie anamsindikiza Tibbs hadi kituo kile kile alichokamatwa, na mkuu wa polisi ndiye anayebeba begi. Hakuna hotuba. Begi linatosha.

Machi 2021

Kushuka kwetu kulikuja Machi 2021. Tarehe 5 mwezi huo Kenya ilizuia mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu. Mimi nilikuwa na magunia sitini juu ya lori, upande wetu wa Busia, na mwenzangu alikuwa ameshanitumia nusu ya malipo.

Siku ya kwanza nilimpigia, hakupokea. Siku ya pili vilevile. Foleni ya malori ilikuwa ndefu na dereva alidai pesa ya kila usiku. Akaja mnunuzi, akanitolea bei ya chini lakini taslimu. Nakiri hapa: nilikubali kichwani. Nilijiambia kwamba kama yeye hapokei simu, basi naye ameshanitoroka, na pesa zake ni fidia yangu. Nilikwisha mwambia dereva kwamba asubuhi tutashusha.

Katika Rush Hour kuna sehemu ambapo mpango wa kumkomboa mtoto unaharibika, Lee analaumiwa na kupandishwa ndege arudishwe kwao. Kisheria Carter hana deni naye tena. Lakini anaingia ndani ya ndege ile kumfuata, akamwomba warudi wakamalize kazi. Mwishoni, Lee anapoanguka kutoka juu ya paa, aliye chini kumdaka kwa bendera kubwa ni yule yule aliyetumwa kumpoteza.

Asubuhi ile, kabla hatujafungua turubai, nilimwona mwenzangu akija kwa miguu kutoka upande wa Kenya, viatu mkononi kwa sababu ya tope. Simu yake ilikuwa imeibwa sokoni. Namba yangu ilikuwa humo. Hakuwa na njia nyingine ila kuvuka na kutafuta lori moja baada ya jingine mpaka anione.

Hakuuliza pesa zake. Aliuliza, "Yamelowa?" Tukapanda juu tukashika mahindi kwa mikono. Akatafuta chumba cha kukodi, akalipa nusu ya kodi, tukayashusha na kuyaanika upya. Siku chache baadaye zuio liliondolewa kwa masharti: waagizaji wajiandikishe, na shehena iwe na cheti kuonyesha kuwa sumukuvu haizidi sehemu kumi kwa bilioni. Yetu yalipimwa, yakavuka. Faida ilikuwa ndogo mno. Mnunuzi wa taslimu sikumtaja mpaka mwaka mzima ulipopita. Nilipomweleza alinyamaza, kisha akasema, "Mimi pia njiani nilikuwa najiuliza kama nitalikuta hilo lori."

Imani na daftari

Wakenya nao wana wapelelezi wao wawili. Crime and Justice, tamthilia ya kwanza ya Kenya iliyotengenezwa kwa ajili ya Showmax, ilianza mwaka 2021, ikiwa na Sarah Hassan kama Makena na Alfred Munyua kama Silas wakichunguza kesi za Nairobi. Tofauti yake na filamu za kibandani ni kwamba haishii kwenye kukamata. Kesi hufuatwa hadi mahakamani. Huko kumwamini mwenzako hakutoshi. Hakimu anataka ushahidi.

Hilo ndilo nililochukua. Baada ya Machi ile tuliweka daftari mbili zinazofanana, moja kwake na moja kwangu: tarehe, uzito, bei, kilicholipwa, kilichobaki. Kila mwisho wa mwezi tunazisomeana. Namba za simu za kila mmoja wetu zimeandikwa ndani ya jalada. Mzigo usiozidi dola 2,000 na uliotoka ndani ya Jumuiya tunauombea cheti rahisi cha uasilia mpakani, kwa jina la mwenye mzigo, bila kumpitia mtu wa njia za panya. Wapo wanaosema kuwa kuandika ni dalili ya kutoaminiana. Sisi tumeona kinyume chake: daftari hubeba yale ambayo kumbukumbu huyagombania, na urafiki ukabaki kwa mambo mengine.

Mwaka jana alikuja Bugembe kwa mara ya kwanza. Alikula kwangu, akawaona watoto, akalalamikia chumvi ya mchuzi. Jioni nikampeleka kibandani. Bahati ilikuwa yetu: walikuwa wanaonyesha Rush Hour. VJ alikuwa anatiririka kwa Kiluganda na watu wanaangua vicheko, naye hakuelewa kitu.

Nikasogea karibu na sikio lake, nikaanza kumfasiria kwa Kiswahili. Lee alipofungua mdomo na Kiingereza chake, mwenzangu alinipiga kofi begani. "Huyu ni wewe kabisa," alisema, na watu wa benchi la mbele wakageuka kututaka tunyamaze.