Fahamu: Je, kinyonga aweza kumdhuru binadamu?

Aghalabu mtu wa Shirimatunda, mjini Moshi, akimkuta kinyonga juu ya ua wa michongoma, hurudi nyuma kwa hofu kana kwamba ameona nyoka, ilhali kiumbe huyo hana sumu hata chembe, na meno yake madogo, yaliyoumbwa kwa kuponda panzi na nzi, hayazidi kumbana mtu kidole. Akighadhibika hujivimbisha, hugeuka rangi, huachama kinywa na kufoka, nayo yote ni vitisho vitupu, kwani silaha yake ya hakika ni kujificha au, adui akikaribia mno, kujiachia aanguke majanini. Hata pembe mbili za dume wa kinyonga aitwaye kitaalamu Kinyongia tavetana, aishiye misituni mwa Kilimanjaro, ni za kupimana nguvu madume wenyewe kwa wenyewe. Na jina hilo Kinyongia, nalisema kwa fahari, wataalamu walilitwaa katika Kiswahili chetu mwaka 2006.

Kwa insafu, mwenye haki ya kuogopa ni kinyonga mwenyewe: mawe ya watoto, paka, na wafanyabiashara waliokuwa wakimpeleka ng'ambo kufugwa, hata serikali ya Tanzania ikazuia mwaka 2016 usafirishaji wa wanyamapori hai.