Je, Wajua? Usiku wa Siri Katika Jumba la Eleusis

Je, wajua kwamba Waathene wa kale walimhukumu kifo mtu aliyefichua yaliyotendeka ndani ya jumba moja la ibada? Jumba hilo, Telesterion, lilikuwa Eleusis, takriban kilomita 20 kutoka Athens, nalo lilitofautiana sana na mahekalu ya kawaida ya Kigiriki, ambayo yalikuwa makao ya sanamu ya mungu huku sadaka zikitolewa nje, kwa kuwa hapa wari, yaani waumini waliokuwa wakiingizwa katika siri, wake kwa waume, waungwana kwa watumwa, waliingia wenyewe na kujipanga kwenye ngazi zilizofuata kuta, huku nguzo 42 zikiwazuia kuona yote.

Ibada, hata hivyo, ilianza kabla ya kufika jumbani. Kila mwaka, karibu na Septemba, wari waliandamana kutoka Athens hadi Eleusis wakifuata mfano wa Demeter, mungu wa kike wa nafaka, aliyehangaika kumtafuta bintiye Persephone aliyetekwa na mfalme wa kuzimu. Na kwa kuwa walifunga kama alivyofunga yeye, kisha wakafungua kwa kykeon, kinywaji cha maji, shayiri na mnanaa, uchungu wa zama za miungu haukubaki simulizi bali ulitendeka upya katika miili yao. Usiku, kuhani mkuu alifunua vitu vitakatifu katika mwanga mkubwa uliopasua giza. Aliyetamani daraja la juu zaidi, ambalo wenyewe waliliita la walioona, alingoja angalau mwaka mzima.