Fahamu: Umeachishwa kazi? Usuluhishi huanzia CMA

Kwa mfanyakazi wa Tanzania Bara aliyeachishwa kazi, mlango wa kwanza ni Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA. Adui mkubwa hapa ni kalenda: malalamiko ya kuachishwa yanapaswa kufikishwa ndani ya siku 30. Wengi huzimaliza wakimbembeleza bosi kwa simu, na inasikitisha, kwa sababu baada ya hapo ni lazima uombe kwanza kuongezewa muda, ukiwa na sababu nzito.

Unajaza fomu namba 1, unampa mwajiri nakala, naye anasaini kuwa ameipokea. Ndipo unaiwasilisha ofisi ya CMA.

Kwa kawaida msuluhishi wa CMA hatoi hukumu. Anawasikiliza wote, pengine kila upande peke yake, akitafuta mnapoweza kukutana: malimbikizo ya mshahara, likizo ambayo hukulipwa, cheti cha utumishi. Yanayosemwa kwenye usuluhishi ni siri. Mkikubaliana, mnasaini hati inayowafunga nyote. Isome neno kwa neno kabla ya kusaini.

Usipofika, malalamiko yanaweza kutupwa. Mwajiri asipofika, msuluhishi anaweza kuyaamua bila yeye. Mkishindwana, shauri huenda kwa mwamuzi.