Saa Nane za Abiria: Matembezi ya Meli na Soko la Kasulu na Kibondo

Machi 27, 2024, boti ya walinzi wa pwani iliwapeleka abiria wanane hadi ubavuni mwa meli yao, Norwegian Dawn, iliyokuwa bado imetia nanga nje ya kisiwa cha São Tomé. Nahodha akakataa kuwapandisha. Saa ya kurudi ilikuwa imepita, na walichelewa wakiwa kwenye matembezi waliyoyanunua wenyewe kisiwani, si yale yaliyouzwa na meli. Mizigo yao ilikuwa vyumbani, pamoja na dawa za baadhi yao. Ikawabidi waifukuzie meli kupitia nchi kadhaa, na wengi wao wakaipata Dakar siku kadhaa baadaye. Kampuni ya meli ilisimamia msimamo wake: kurudi kwa wakati ni jukumu la abiria.

Mfanyabiashara wa utalii mkoani Kigoma angefaa kuisoma habari hiyo kama taarifa ya soko. Meli hiyohiyo ilikuwa imeingia Dar es Salaam mwanzoni mwa mwaka huo ikiwa na watalii zaidi ya 2,000, na magazeti yetu yakaandika kuhusu idadi yao. Hayakuandika sana kuhusu saa walizokaa. Idadi ndiyo inayopigiwa makofi gatini, lakini saa ndizo zinazoamua nani atalipwa na nani atabaki akipunga mkono.

Norwegian Dawn ina undugu na Kigoma ambao wengi hawaujui. Iliundwa mwaka 2002 na Meyer Werft ya Papenburg, Ujerumani, karakana ileile iliyounda Graf von Götzen mwaka 1913, ikaifungua vipandevipande na kuipakia kwenye masanduku. Masanduku hayo yalisafirishwa hadi Dar es Salaam, yakapanda reli, na meli ikaunganishwa upya Kigoma. Wajerumani wenyewe waliizamisha Julai 1916 wasiiachie adui, Waingereza wakaiopoa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Karakana moja, na meli mbili zenye namna tofauti kabisa za kushusha abiria.

Katika utalii wa meli, CLIA, chama cha kimataifa cha kampuni za sekta hiyo, kilihesabu abiria milioni 34.6 kwa mwaka 2024. Kila meli inapofunga gati au kutia nanga, abiria huchagua: kubaki ndani, kushuka na kutembea mwenyewe, kununua matembezi ya meli, au kupatana na mtu wa bandarini. Yale ya meli huuzwa kwa bei moja inayoonekana nzima, lakini nyuma yake kuna watu wengi. Kampuni ya meli huingia mkataba na wakala wa nchi kavu. Wakala huitafuta kampuni ya utalii, nayo hukodi Coaster, humlipa dereva na mwongoza watalii, hulipa viingilio na chakula cha mchana. Juu ya yote hayo meli huweka faida yake. Ndiyo maana matembezi yaleyale huwa nafuu ukiyanunua nje ya geti, na ndiyo maana mwongozaji anaweza kumhudumia mgeni aliyelipa fedha nyingi akabaki na posho ndogo.

Kwenye meli za kifahari mambo yanabadilika tena. Hizi huwa ndogo, nyingi hubeba mamia badala ya maelfu, na baadhi ya kampuni, Regent Seven Seas ikiwemo, zimeingiza matembezi mengi ndani ya nauli. Abiria haoni bei, kwa hiyo habishani. Mteja halisi wa kampuni ya utalii ya huku si mzee aliyevaa kofia ya jua, ni ofisa wa ng'ambo anayepanga ratiba miaka miwili kabla meli haijafika. Ofisa huyo anauliza habari za bima, umri wa magari, redio ya mawasiliano, gari la akiba na hospitali ya karibu. Uzuri wa mandhari huuulizia mwisho, kama atauulizia.

Kwa msomaji anayejiandaa kwa safari yake ya kwanza ya namna hiyo, na siku hizi wapo Watanzania wanaolipiwa na watoto wao walioko nje, kanuni yangu ni ya umbali. Matembezi yakiwa karibu na geti, nunua mwenyewe. Yakiwa mbali, nunua ya meli. Chukulia Zanzibar. Kutoka bandari ya Malindi hadi vichochoro vya Mji Mkongwe ni mwendo wa miguu. Kulipia basi la meli kwa ajili ya hapo ni kutupa fedha; tafuta mwongozaji mwenye kitambulisho cha leseni, patana naye bei na saa ya kurudi kabla hamjaanza kutembea, na uwaage papasi, wale vijana wanaowavizia watalii, kwa heshima. Mashamba ya viungo ya Kizimbani na kisiwa cha Changuu vyote vinatosha kwa nusu siku. Msitu wa Jozani kwa ajili ya kima punju unahitaji hesabu kidogo. Lakini safari ya ndege ya siku moja kwenda Mikumi au Hifadhi ya Nyerere, hapo kubali bei ya meli bila kunung'unika. Ndege ikichelewa, meli kwa kawaida huwasubiri wateja wa matembezi yake au hugharamia kuwafikisha bandari inayofuata. Ukiwa umenunua kwingine, utaiona ikiondoka. Mombasa ni vivyo hivyo: Fort Jesus kwa miguu yako na teksi, Tsavo kwa basi la meli.

Soma pia maelezo madogo kwenye karatasi ya matembezi. Kuna alama za ugumu wa mwendo, na watu wa mara ya kwanza huziruka. Angalia kama meli itafunga gati au itatia nanga nje na kuwashusha kwa boti ndogo, maana foleni ya boti inaweza kumeza saa nzima. Usinunue matembezi kila bandari. Siku ya tatu mfululizo kwenye basi inachosha hata vijana. Na beba cheti cha chanjo ya homa ya manjano, kwa sababu ratiba inaweza kupitia nchi inayokufanya uulizwe ukifika inayofuata.

Sasa tuhamishie hesabu ya saa Ziwa Tanganyika. Tuseme kungekuwa na meli ya watalii huku: ikiingia saa 2 asubuhi na kuondoka saa 12 jioni, mezani ni saa 10. Toa saa moja ya ukaguzi na kushuka, toa nyingine ya kuwahi kurudi, umebaki na saa nane. Ndani ya saa nane hizo Kigoma ina bidhaa za kweli. Ujiji, ambako Stanley alimkuta Livingstone mwaka 1871, ni dakika chache kwa gari. Gombe iko karibu upande wa kaskazini, na boti ya mwendo kasi hufika kwa muda usiofika saa moja, tofauti na maboti ya abiria ya Kibirizi ambayo hayana haraka na mtu. Hapo ndipo Jane Goodall alipofika Julai 1960, na ingawa alifariki Oktoba 2025, jina lake bado linauza kuliko tangazo lolote. Tatizo la Gombe ni kwamba sokwe hawana ratiba. Siku nyingine wako karibu na fukwe, siku nyingine mgeni atapanda vilima vya jasho, na akiwapata ana saa moja tu nao. Ofisa wa ng'ambo hapendi bidhaa isiyojua itaisha saa ngapi.

Mahale, iliyotangazwa hifadhi mwaka 1985, imeshatatua tatizo hilo kwa kuzikwepa meli kabisa. Wageni wa kambi za kifahari hutua kwa ndege ndogo kwenye kiwanja cha hifadhi wakitokea Arusha, hupanda boti hadi kambini, hulala usiku kadhaa na kuondoka kwa njia hiyohiyo. Kigoma mjini wanaiona dirishani, kama wanaiona. Ni utalii wa ziwa wenye fedha nyingi usiopita sokoni.

Liemba yenyewe haikuwahi kuwa meli ya starehe, ila imewafundisha watu wa ziwa kazi ya kushusha abiria pasipo gati. Kati ya Kigoma na Mpulungu, Zambia, vijiji vingi havina bandari. Meli ilikuwa ikipiga honi gizani, injini zikapunguzwa, na maboti ya mbao yakaja mbio kugombea ubavu. Kamba ikarushwa. Mlango wa pembeni ukafunguliwa, magunia ya dagaa yakapanda, mama akashuka akiwa na mtoto mgongoni na mkono wa mtu asiyemjua umemshika kiunoni. Abiria wa Mahale walishuka hivyo kwa miaka mingi. Ikaja kusimama kazi, na serikali ikaingia mkataba wa kuikarabati. Ikirudi na vyumba vya daraja la kwanza vyenye hadhi, wapo wazungu wengi watakaolipa vizuri kwa umri wake peke yake. Mimi ningeanza kwa kuwawekea ngazi nzuri pale mlangoni.

Na Kasulu? Na Kibondo? Kigoma hadi Kasulu ni chini kidogo ya kilomita 100, kupitia Kidahwe. Kwa lami ni kama saa mbili za kupanda kutoka ziwani hadi nyanda za juu, ambako usiku wanalala na blanketi. Kwenda na kurudi ni saa nne kati ya zile nane. Hiyo bado inawezekana, kwa shida. Kibondo iko zaidi ya kilomita 200 kutoka ziwani. Kwenda tu na kugeuza gari kunamaliza siku. Barabara ya Kabingo–Kasulu–Manyovu, kilomita 260 kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, imebadilisha sana maisha ya wenye malori ya maharage na mahindi. Haijabadilisha saa za meli.

Vitu vya kutazama vipo. Heru Juu palikuwa makao ya utawala wa Waha wa Heru, ambako Mwami Theresa Ntare alikuwa mmoja wa wanawake wachache walioshika uchifu Tanganyika wakati wa Waingereza. Upande wa Kibondo kuna pori la akiba la Moyowosi na ardhioevu ya Malagarasi–Muyovozi, ya kwanza nchini kuingia kwenye orodha ya Ramsar ya ardhioevu muhimu duniani, mwaka 2000. Humo yumo korongo nyangumi, ndege mwenye mdomo mkubwa kama kiatu ambaye watazamaji ndege huvuka mabara kumfuata. Lakini mtazamaji huyo ni mgeni wa kulala siku tano, mwenye darubini na subira, si wa kurudi saa 11 jioni. Vyumba vya kumlaza vingi vilijengwa kwa kutegemea wafanyakazi wa mashirika waliofuata kambi za wakimbizi, Nyarugusu tangu 1996 na Nduta kwa upande wa Kibondo. Wakimbizi wa Burundi wanavyorudi kwao, vyumba hivyo, madereva wazoefu wa Land Cruiser na vijana wanaozungumza Kifaransa wanatafuta kazi nyingine. Huo ni mtaji uliopo tayari. Kambi zenyewe zisiguswe. Maisha ya mkimbizi si matembezi ya kuuzwa.

Naona wenye nia ya kuwaleta watalii wa majini Kasulu kwa siku moja wanapoteza nguvu. Mlima hauwezi kushuka, lakini bidhaa inaweza. Mfano upo jirani, Kalinzi, kwenye kahawa ya vilima vya njia ya Manyovu. Taasisi ya Jane Goodall, ambayo mradi wake wa TACARE ulianza 1994 kwenye vijiji vinavyoizunguka Gombe, iliwakutanisha wakulima na Green Mountain Coffee ya Marekani, na kahawa ikauzwa huko kwa jina la Gombe. Mnywaji hakuhitaji kukanyaga Kigoma. Alilipia sokwe, na mkulima akapata bei.

Asali ya Kibondo ingeweza kufuata njia hiyo. Inatoka miomboni, ina rangi ya kahawia iliyokolea na ladha nzito, na nyingine huwa na harufu ya moshi kwa sababu mrinaji wa mzinga wa gogo bado anafukuza nyuki kwa mwenge wa majani. Barabarani utaipata kwenye chupa za maji zilizokwishatumika, lebo ya maji bado imebandikwa, au kwenye dumu la lita 5 na la lita 20. Mnunuzi wa Kahama anafurahia dumu. Mgeni wa Mahale hawezi hata kulinyanyua: ndege ndogo za safari humruhusu mzigo wa kilo 15 tu, kwenye begi laini, kamera ikiwemo humo.

Kwa hiyo soko la watu wa meli na ndege ni soko la kichupa. Kisizidi mililita 100, maana viwanja vingi vya ndege vya kimataifa vitakinyang'anya kwenye begi la mkononi kikizidi. Anayerudi Ulaya anaruhusiwa kubeba asali kidogo ya matumizi yake. Anayekwenda New Zealand haruhusiwi kabisa, na muuzaji mwaminifu amwambie mapema na amuuzie tangawizi kavu. Kichupa kikae mezani kifungua kinywa kwanza, kwenye kambi au meli, ndipo kiuzwe. Mpishi akishakipenda ataagiza kila mwezi, jambo ambalo mtalii hafanyi.

Kinachokwama si nyuki. Ni kifuniko kisichovuja, lebo yenye tarehe na jina la kijiji, na alama ya TBS, shirika la viwango, kwa kuwa hoteli inayojiheshimu haitaweka mezani kitu kisicho nayo. Mjasiriamali mdogo akipata barua ya utambulisho ya SIDO, shirika la viwanda vidogo, miaka ya mwanzo ya alama hiyo hailipiwi. Ofisi ya SIDO ya mkoa iko Kigoma mjini.