Neno "Safari" katika Kiingereza

Wako wanaoshikilia kwamba Kiingereza kilipata neno safari kutoka Kiarabu, kwa kuwa shina lake ni la Kiarabu. Dai hili ni nusu ya ukweli. Neno la Kiarabu ni safar, nalo huishia kwa konsonanti. Kiswahili, ambacho kwa desturi hakipendi mwisho wa namna hiyo, huongeza irabu, na irabu yenyewe haiji kwa nasibu. Baada ya b huwa aghalabu u, kama katika kitabu na adabu. Baada ya r huwa i: khabar likawa habari, khatar likawa hatari, sukkar likawa sukari. Irabu ya mwisho ya safari ni muhuri wa Kiswahili.

Mbishi aweza kusema kwamba Kiarabu kina kivumishi safari, yaani "-a kuhusu mwendo". Lakini Kiingereza hakikuazima kivumishi bali nomino, na nomino yenye umbo hilo ni ya Kiswahili. Historia nayo yaafikiana na isimu: Richard Burton, aliyesafiri kutoka pwani hadi Ziwa Tanganyika kati ya 1857 na 1859, alilitumia neno hili katika kitabu chake cha 1860.

Maana ndiyo iliyopotoka. Kwa Mswahili, aendaye sokoni Kongowea na aendaye Makka wote wako safarini. Hata mara au zamu huitwa safari, kama katika "safari hii hatudanganyiki". Waingereza walilitumia kwanza kwa mwendo wa wapagazi na mizigo yao, na hata kwa kundi lenyewe, ambalo Kiswahili hulitofautisha kwa neno msafara. Kisha likafungamana na uwindaji, hasa baada ya Theodore Roosevelt kuja kuwinda mwaka 1909. Kenya ilipopiga marufuku uwindaji mwaka 1977 neno halikufa. Bunduki ilikuwa imekwisha kuanza kuipisha kamera. Mwingereza atokaye London kwenda Bristol hasemi kamwe kwamba yuko safarini kwa neno hili.

Sasa maana hiyo finyu inarejea pwani kwa njia ya matangazo ya utalii, nayo yamtatiza mtunga kamusi. Kuiacha ni kufumbia macho matumizi yaliyopo. Kuitanguliza ni kuigeuza nyumba kuwa ya mgeni. Yafaa iwekwe mwisho wa maana zote, na ioneshwe kuwa imetoka Kiingereza, ijapokuwa neno lenyewe halikutoka huko.