Goti la Ronaldo

Vijana wa siku hizi wakisikia jina la Ronaldo humfikiria yule Mreno. Huyu wa leo ni mwingine, Mbrazili, Ronaldo Luís Nazário de Lima, aliyezaliwa mwaka 1976 mjini Rio de Janeiro, akakulia Bento Ribeiro, mtaa wa watu wa kawaida.

Kipaji chake kilionekana upesi. Mwaka 1994, akiwa na miaka 17, alichukuliwa Marekani kwenye Kombe la Dunia. Hakucheza hata dakika moja, lakini alirudi kwao bingwa. Msimu wa 1996/97 aliifungia Barcelona ya Hispania mabao 47 katika michezo 49. Hebu fikiri! Alimpita golikipa kama mtu azungukaye kisiki shambani.

Basi tarehe 21 Novemba 1999, akiichezea Inter ya Milano, ukano ulio chini ya pia ya goti la kulia ulichanika. Akapasuliwa, akangoja karibu miezi mitano. Tarehe 12 Aprili 2000 akaingizwa uwanjani mjini Roma, dhidi ya Lazio. Hazikutimia dakika kumi. Alikuja na mpira, akataka kumhadaa beki, na kabla hajaguswa na mtu goti likamwachia. Akaanguka, amelishika, analia. Safari hii ukano ulikatika kabisa.

Ukano huo ndio unyooshao mguu. Ukikatika, mtu hawezi hata kuunyanyua akiwa amelala, sembuse kupiga mpira. Daktari Gérard Saillant alimpasua Paris. Kushona ni kazi ya saa chache. Kuuzoeza mguu tena ni miezi ya kukunja na kukunjua kila siku, kwa maumivu. Msimu mzima wa 2000/01 hakucheza mchezo hata mmoja.

Kombe la mwaka 2002 lilipofika, Wabrazili wengi walimtaka Romário. Kocha Luiz Felipe Scolari akamchukua Ronaldo, naye alikuwa amecheza michezo michache tu. Kabla ya nusu fainali magazeti hayakuacha kuuliza habari za mguu wake. Akanyoa kichwa, akabakiza kipande cha nywele mbele tu, ili waongee juu ya hilo. Watoto wakaiga, na baadaye akawaomba radhi akina mama!

Fainali ilikuwa na deni la zamani. Mwaka 1998 huko Ufaransa, siku ile ile ya fainali, mwili ulimkakamaa hotelini kama mtoto mwenye degedege. Hata hivyo alichezeshwa, na Brazili ikafungwa 3-0. Kwangu mimi, mgonjwa yule angeachwa apumzike.

Sasa, tarehe 30 Juni 2002, Yokohama, Japani, mbele yake alisimama golikipa Oliver Kahn wa Ujerumani. Dakika ya 67 Rivaldo alipiga shuti, mpira ukamponyoka Kahn, Ronaldo akauwahi. Dakika ya 79 akafunga tena. Brazili 2, Ujerumani 0. Mabao yake katika mashindano hayo yakawa manane.

Alistaafu Februari 2011, akiwa Corinthians, akisema tezi ya shingoni pia ilikuwa inamsumbua. Mabao yake 15 ya Kombe la Dunia hayakupitwa mpaka mwaka 2014, Mjerumani Miroslav Klose alipofunga la 16. Klose huyo naye alicheza Yokohama siku ile.