Kofia ya Jino Hushikwa na Nini?

Jino likivunjika au likioza sana, pengine daktari wa meno hulichonga na kulivika kofia ya metali, au ya kauri ngumu kama ya kikombe. Je, kofia hiyo hushikwa na nini, hata isitoke tunapotafuna?

Kwanza, hulibana jino. Pili, hushikwa na gundi.

Tumtazame fundi baiskeli anapoziba pancha. Hapaki gundi juu ya tyubu chafu. Huifuta, huikwaruza kwa msasa na kuiacha ikauke. Tyubu yenye maji haishiki kiraka. Na jino ni vivyo hivyo.

Ganda la jino ni gumu na linateleza. Mwaka 1955 daktari wa meno wa Marekani, Michael Buonocore, alieleza njia ya kulikwaruza kwa asidi. Alijua kuwa viwandani asidi ya fosforasi hutumika ili rangi ishike kwenye metali. Basi akaijaribu kwenye meno. Asidi hula ganda kidogo na kuacha vishimo visivyoonekana kwa macho. Gundi ya plastiki hupenya humo. Ikiganda, hushika kama mizizi ardhini.

Siku hizi asidi hupakwa kwa muda usiozidi nusu dakika hivi, kisha huoshwa. Gundi nyingine hazihitaji asidi. Nyingi huganda zikimulikwa taa ya bluu, au dawa mbili zikichanganywa. Lakini adui ni yule yule: mate. Yakiingia kabla gundi haijaganda, kofia haitashika vizuri. Ndiyo maana daktari hutuwekea pamba na kutuambia tusifumbe mdomo. Hatusumbui bure, tumsikilize.

Na kofia ikitoka je? Tusiirudishe kwa gundi ya dukani! Gundi hiyo huweza kuunguza ufizi. Tena kofia ikikaa upande, daktari atapata taabu kuitoa. Tuioshe, tuiweke kwenye kichupa safi, twende nayo hospitali mapema. Mara nyingi hubandikwa tena. Tukichelewa, jino lililo wazi huuma na kuoza. Meno jirani nayo husogea, na kofia haiingii tena. Mwisho wake ni kung'oa jino ambalo lingepona.

Tujadiliane:
1. Kwa nini fundi baiskeli hukausha tyubu?
2. Kofia ya jino ikitoka, tufanye nini?